Ikirari Iliyochukua Miaka Sitini

Katika makambi ambayo serikali ya kikoloni ya Kenya iliyajenga baada ya Gavana Sir Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, palikuwa na kanuni moja iliyozitawala nyingine zote, nayo ni kwamba mahabusu hakurudi kwao mpaka akiri. Hakutakiwa akiri mbele ya hakimu, wala hakusomewa shtaka ambalo angeweza kulijibu. Alitakiwa aseme kwamba amekula kiapo cha Mau Mau, harakati iliyopigania ardhi na uhuru, amtaje aliyemlisha kiapo hicho, na awataje walioketi pamoja naye usiku ule, na akishayasema hayo ndipo alipoondolewa katika daraja ya "weusi", yaani wakaidi, akapandishwa hadi "kijivu", na hatimaye "weupe" waliokaribia kufunguliwa. Kukiri kuliitwa tiba. Maofisa waliamini, au angalau walidai kuamini, kwamba kiapo kimeingia katika nafsi ya mtu mithili ya sumu, na kwamba sumu hiyo haitoki mpaka itapikwe kwa maneno.

Imani hiyo ilikuwa na daktari wake. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 hadi 1950, aliitwa na serikali aichunguze ghasia ya Mau Mau, na mwaka 1954 kitabu chake kidogo juu ya saikolojia ya Mau Mau kikapigwa chapa na serikali hiyohiyo. Asomaye kitabu kile leo hustaajabia mizani yake: ardhi iliyotwaliwa, kipande kilichoning'inizwa shingoni, na ujira duni wa mashamba ya walowezi havikupewa uzito uliovistahili, ilhali kiini cha maradhi kilitafutwa ndani ya nafsi ya Mwafrika, aliyesemekana kuwa ameziacha mila za wazee wake bila ya kufika katika ustaarabu wa wageni, akabaki kati, mwenye wasiwasi na dhana mbaya. Kwa hoja hiyo mdhulumiwa aligeuzwa mgonjwa, na mwenye kumfunga akawa tabibu.

Watu waliopitishwa katika tiba hiyo walikuwa wengi mno. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakawakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, wakawachuja, na wengi wao wakapakiwa katika magari kupelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani. Waliobaki vijijini hawakusalimika, kwani watu zaidi ya milioni 1 walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na ulinzi, mabanda yao ya zamani yakachomwa nyuma yao. Waliohukumiwa na mahakama wakanyongwa walifika 1,090, kwa hesabu ya mwanahistoria David Anderson. Idadi ya waliozuiliwa ingali na ubishi: serikali ilikubali kama 80,000, na mwanahistoria mwenzake Caroline Elkins akakadiria mara mbili ya hiyo na zaidi. Watu wa pwani hawana haki ya kuyadhania mambo haya kuwa ni ya bara peke yake, maana Mackinnon Road na Manyani zi katika njia ya reli iendayo Mombasa, kisiwa cha Manda kilichokabiliana na Lamu kilifanywa kifungo cha waliohesabiwa kuwa viongozi, na Hola, ambayo habari yake yafuata, iko kando ya Mto Tana.

Ilipofika mwaka 1957 palibaki maelfu ambao hawakukiri. Katika makambi ya Mwea ukabuniwa mtindo wa kuwachanganya wakaidi wachache na watu wengi waliokwisha kulegea, na kuwapokea wageni kwa kipigo tangu mlangoni. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, aliandika mwezi wa Juni mwaka huo jinsi nguvu hiyo iwezavyo kuhalalishwa, akaeleza hata viungo vya mwili vinavyofaa kuepukwa, na akamwonya gavana kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Mtu aandikaye hivyo hajakosa kujua kwamba ni dhambi. Alijua, na hilo ndilo jambo ambalo wajukuu wa waliopigwa walilisoma zaidi ya miaka 50 baadaye, katika karatasi zilizokuwa zimefichwa.

Asubuhi ya tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, kundi la mahabusu walitolewa kwenda kufanya kazi ya mfereji, kazi ambayo kwao kuikubali kulikuwa ni kuikubali hatia. Walipigwa kwa marungu mpaka 11 kati yao wakafa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu, kwa sababu uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha, na tarehe 27 Julai mwaka huohuo Enoch Powell, mbunge wa chama tawala ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwa mapenzi ya kupita kiasi juu ya Waafrika, alisimama katika Bunge la Uingereza akadai kwamba dhamana ya vifo hivyo haiwezi kugawanywa kwa vipimo viwili, kimoja cha Ulaya na kingine cha Afrika. Hata hivyo hakuna aliyeshitakiwa kwa kuua. Miongoni mwa waliopigwa siku hiyo alikuwamo Wambugu wa Nyingi, aliyezimia akawekwa pamoja na maiti, akazinduka akiwa hai. Mtu huyu alizuiliwa kwa muda wa miaka 9 hivi bila ya kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.

Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960, na mahabusu wakarejea makwao. Hapa ndipo palipo na sehemu ya historia ambayo vitabu huipita upesi, nami napenda kukawia. Mtu aliyerudi alikuta shamba lake limeandikishwa kwa jina la mwingine, kwa kuwa ugawaji wa ardhi ulifanywa wakati yeye yu kifungoni. Alimkuta aliyempiga, au aliyemtaja, anaishi nyumba ya pili, aghalabu akiwa chifu, mwalimu au mwenye duka. Wanaume waliohasiwa hawakuweza kulisema jambo hilo hata kwa ndugu zao. Wanawake walioingiliwa kwa nguvu, wengine kwa vyombo visivyoelezeka, waliolewa, wakazaa au wasizae, wakazeeka na siri. Usiku walirudiwa na jinamizi, mchana wakashtuka kwa sauti ya buti au ya kijana aliyevaa sare, na hapakuwa na wa kuwaambia kwamba hayo yana sababu, kwa kuwa kiwewe cha namna hiyo hakikupewa jina rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mpaka mwaka 1980, tena kwa kuhangaikiwa zaidi na askari waliotoka vita vya Vietnam.

Kimya hicho hakikuwa cha Waingereza peke yao. Mwezi wa Septemba 1962, huko Githunguri, Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alitoka kifungoni kwa kesi ya Mau Mau, alisema kwamba Mau Mau ilikuwa ugonjwa uliokwisha kung'olewa na usiopasa kukumbukwa tena. Tazama jinsi neno la Carothers lilivyovuka kutoka kinywa cha mtawala hadi kinywa cha mkombozi! Agosti 1963, mjini Nakuru, aliwaahidi walowezi kusameheana na kusahau. Nakiri kwamba kiongozi wa nchi iliyogawanyika, yenye homgadi, yaani walinzi waliotumikia wakoloni, na wapiganaji katika nyumba moja, alikuwa na hofu ya kweli ya kumwagika damu upya, na kumlaumu kwa kutaka amani si insafu. Lakini sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameihukumia kwa karne nyingi, humpa walii wa aliyeuawa hiari tatu, ambazo ni kisasi, diya au msamaha, na hiari hizo hazifunguki mpaka tendo lithibitike, na mwenye kuzichagua ni aliyedhulumiwa, si liwali wala sultani. Msamaha wa Nakuru ulitolewa na asiyekuwa mwenyewe, kwa ajili ya tendo ambalo halijakiriwa. Tangazo la wakoloni la kuiharamisha Mau Mau lilibaki katika sheria za Kenya huru mpaka mwaka 2003, hata mzee aliyetaka kuunda chama cha wenzake akaweza kuitwa mhalifu katika taifa alilolipigania.

Serikali ya Mwai Kibaki ilipoliondoa katazo hilo, vinywa vikafunguka. Mwaka 2005 vikatoka vitabu viwili vizito, cha Anderson na cha Elkins, na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ikazunguka vijijini kukusanya habari za wazee. Tarehe 23 Juni 2009 wazee watano, wanaume watatu na wanawake wawili, wakasimamiwa na mawakili wa Leigh Day wa London, walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Uingereza, ambalo kwa jina la wa kwanza wao laitwa shauri la Ndiku Mutua na wenzake. Nyingi alikuwa mmoja wao. Alichokitaka alikieleza kwa maneno machache: makosa aliyotendewa yeye na Wakenya wengine yatambuliwe na serikali ya Uingereza, ili naye apate amani kidogo. Mmoja wa wale watano, mwanamke, alikufa mwaka 2010 kabla ya kusikia uamuzi wowote.

Serikali ilijitetea kwanza kwa hoja ambayo wakili aweza kuitetea na mtu wa kawaida akaionea haya, kwamba dhamana ya yaliyotendwa na utawala wa kikoloni ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, yaani kwamba waliopigwa wakadai fidia kwa waliokombolewa pamoja nao. Jaji Richard McCombe aliikataa hoja hiyo isilizime shauri, tarehe 21 Julai 2011, akisema kwamba huenda ikaonekana ni jambo lisilo la heshima kwa mahakama isiyokubali kamwe ushahidi uliopatikana kwa mateso kukataa kusikiliza dai la aliyeteswa. Katika mwaka huo serikali ililazimika kukiri kwamba majalada yapatayo 1,500 ya Kenya, yaliyosafirishwa kwa ndege wakati wa uhuru, yamehifadhiwa katika jumba la Hanslope Park, Uingereza, pamoja na maelfu ya majalada ya makoloni mengine. Yaliyosemwa na wazee, ambayo kwa miaka mingi yaliitwa porojo za wasiojua kusoma, yalikutwa yameandikwa kwa mkono wa mabwana wenyewe.

Julai 2012 wazee watatu walisafiri kwenda London wakatoa ushahidi. Ikawadia saa ambayo kwangu ndiyo kilele cha historia yote hii: wakili wa serikali alisimama mbele ya mzee mmojammoja akasema kwamba serikali haibishi kuwa ameteswa na kutendewa vibaya na utawala wa kikoloni. Baada ya hapo aliendelea kubishana juu ya muda, akidai kwamba miaka imepita mingi mno hata haki ya kujitetea imepotea, na hoja hiyo nayo ikaanguka tarehe 5 Oktoba mwaka huo. Lakini jambo lilikwisha tendeka. Mwaka 1957 mkuu wa kambi alimwambia mahabusu: kiri, upone. Mwaka 2012 aliyekiri ni mwenye kambi, na walioonekana kutua mzigo ni mahabusu.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alilieleza Bunge kwamba serikali inasikitika kwa dhati kwa mateso yale, na kwamba wadai 5,228 watalipwa, jumla yake ikiwa pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za mawakili. Nairobi nako balozi aliyasoma maneno hayohayo mbele ya wazee waliokusanyika. Katika hotuba hiyohiyo Hague alisema kwamba Uingereza ya leo bado haikubali dhamana ya kisheria. Sehemu ya mapatano ilikuwa ni sanamu, iliyozinduliwa katika Bustani ya Uhuru tarehe 12 Septemba 2015: mwanamke ampa mpiganaji kikapu cha chakula, nao hawatazamani, ili asiweze mmoja kumtaja mwenzake akikamatwa. Fidia ya kila mtu haikutosha hata kununua kipande cha ardhi cha maana katika wilaya walizonyang'anywa. Na pamoja na hayo wazee waliimba na kucheza siku ile ya tangazo.

Je, walipona? Hapa yafaa kujihadhari na maneno matamu. Wako wanaodhani kwamba kusema peke yake ni dawa, kwamba mtu akipewa jukwaa akaeleza aliyotendewa basi moyo wake umekwisha tibiwa. Na dhana hiyo imepimwa ikaonekana ina upungufu. Katika Afrika Kusini watafiti waliwachunguza watu 134 walioonja dhuluma ya ubaguzi, baadhi yao wakiwa wametoa ushahidi mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano na wengine hawakutoa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 hayakuonyesha kwamba kutoa ushahidi kulipunguza maradhi ya akili. Katika Rwanda uchunguzi wa watu 1,200 uliotolewa na Karen Brounéus mwaka 2010 ulionyesha zaidi ya hayo: waliosimama kushuhudia katika gacaca, mahakama za kijamii za mauaji ya kimbari, walikuwa na huzuni nzito na kiwewe zaidi kuliko wasioshuhudia. Si ajabu. Mwenye kushuhudia hurudishwa mahali palepale, kisha baraza huvunjika, kila mtu akarudi mtaani kwake, na mtuhumiwa huenda yu jirani.

Kwa hivyo tofauti haiko katika kusema, iko katika jawabu. Daktari Judith Herman, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya kiwewe na kupona, ameeleza kwamba uponaji huanza kwa mtu kuwa salama, na kwamba jamii haina budi kuitambua dhara na kuitengeneza ili mtu apate kurudi miongoni mwa watu. Wale wazee watatu walikuwa salama, walisindikizwa, walipimwa na madaktari, wenzao kwa maelfu walikuwa nyuma yao, na juu ya yote walijibiwa. Aliyejibiwa huweza kuacha kujiuliza kama si yeye mwenye taksiri, na swali hilo, kwa walioingiliwa na waliohasiwa, ndilo lililokula miaka yao. Sisemi kwamba jinamizi liliondoka. Mwili una kumbukumbu zake, wala hausomi hukumu za mahakama. Lakini aibu ilibadili mwenyewe, na aibu ni nusu ya ugonjwa.

Ushahidi wa hayo ni yale yaliyowapata waliokosa. Baada ya mapatano ya 2013 wadai wengine zaidi ya 40,000 walikwenda katika mahakama hiyohiyo, chini ya jina la Kimathi na wengine, mbele ya Jaji Stewart. Safari hii serikali haikukiri. Ilibisha kila dai, ikawahoji wazee waliokaribia miaka 80 na 90 juu ya tarehe na majina ya askari wa mwaka 1954. Mwaka 2018 jaji aliamua kwamba hofu peke yake, hata iwe kali namna gani, haihesabiki kuwa jeraha la kumruhusu kusamehe kuchelewa kwa dai, na mwaka huohuo, baada ya kuyatazama majeraha ya mwili pia, aliyatupa madai yote kwa sababu ya muda. Mimi sibishani naye katika sheria. Nasema tu kwamba hofu ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe ya makambi, imepangwa kwa barua na kugharimiwa kwa bajeti, na ni shida kumweleza aliyeishi nayo miaka 60 kwamba hakujeruhiwa. Oktoba 2023 Mfalme Charles alifika Nairobi, akasema kwamba vitendo vile vya ukatili vilikuwa vya kuchukiza na havina udhuru, akaonyesha huzuni kubwa, na ombi la msamaha halikutamkwa.

Hata hivyo mwenye kuinyooshea Uingereza kidole aangalie nyumbani. Siku chache kabla ya hotuba ya Hague, mwezi wa Mei 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ilikabidhi ripoti yake, iliyotokana na maelezo ya watu zaidi ya 40,000, juu ya dhuluma tangu siku ya uhuru hadi mwaka 2008: mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, mateso katika vyumba vya chini vya Nyayo House, na machafuko ya baada ya uchaguzi. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha Bungeni kwa niaba ya dola na akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Miaka kumi baada ya kukabidhiwa, ripoti hiyo ilikuwa bado haijapitishwa na Bunge, na mfuko haujamfikia mjane wa Wajir. Walioandikisha maelezo yao wanazeeka kama walivyozeeka wale wa Hola, nao hawakuomba zaidi ya alichokiomba Nyingi. Wabunge na waitoe ripoti hiyo kabatini, waisome kifungu kwa kifungu mbele ya wananchi, na waanze kulipa wangali hai wa kulipwa.